Dawa Mbili, Ini Moja

Jumatatu, 3 Machi

Niko Doldol kikazi. Chanjo ya mbuzi tangu asubuhi. Sindano mbili zimepinda. Beberu mmoja amenigonga ubavuni, upande wa kulia, nikakaa vumbini. Wafugaji wamecheka. Mimi sikucheka. Ni upande ule ule niliouona kwenye picha wiki iliyopita. Uvimbe kwenye ini, unatoshana na limau. Saratani.

Miaka ishirini na sita nimetibu mifugo ya watu. Kumbe virusi vya homa ya ini vilikuwa vinanila kimyakimya.

Nyambura, mke wangu, anajua. Watoto hawajui. Kesho naomba likizo.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki, pamoja na Nyambura. Daktari Muthoni ni mdogo kuliko binti yetu wa kwanza, lakini hazungushi maneno. Upasuaji haufai, ini limechoka. Iko njia nyingine. Mrija mwembamba unaingizwa kwenye mshipa wa paja, unasukumwa polepole mpaka kwenye mshipa unaolisha uvimbe. Dawa inamiminwa hapo hapo, kisha mshipa unazibwa. Uvimbe unapewa sumu na kunyimwa damu.

Haiponyeshi, amesema. Inaurudisha nyuma.

Nikauliza ni dawa gani. Ati wagonjwa wengi hawaulizi. Akaandika mbili: doksorubisini na sisplatini. Madaktari wengine huzichanganya.

"Gani ndiyo inashinda?"

"Zimelinganishwa sana, mzee. Hakuna iliyoonyesha wazi kwamba inashinda nyingine. Tofauti kubwa iko kwa madhara. Ndiyo maana nataka kukupima kwanza."

Nimerudi nyumbani na hasira. Nilitaka jina moja.

Ijumaa, 7 Machi

Hasira imeisha. Nimepiga mstari katikati ya ukurasa, niandike madhara. Kushoto doksorubisini: moyo. Kulia sisplatini: figo, masikio. Dawa nyingi inabaki kwenye ini, lakini kiasi fulani huponyoka na kuzunguka mwilini. Hicho kiasi ndicho cha kuogopa.

Sasa neno ambalo sikumwambia daktari. Nikiwa mtoto kule Othaya niliugua homa ya viungo, nikalala muhula mzima. Baadaye walisema moyo umebaki na kelele. Nimekaa na hiyo habari miaka yote kama siri ya aibu. Mkulima akinificha ugonjwa wa ng'ombe wake, huwa namgombeza mbele ya majirani.

Nimempigia Daktari Muthoni. Hakunigombeza.

Jumanne, 11 Machi

Moyo umepimwa. Vali moja imekakamaa, na moyo wenyewe hausukumi damu inavyotakiwa. Kwa hivyo doksorubisini hapana. Mchanganyiko wowote wenye doksorubisini hapana. Figo ziko sawa. Imebaki sisplatini.

Masikio, basi. Mimi nafanya kazi kwa masikio. Naweka chombo cha kusikilizia kwenye kifua cha ndama na najua kama ni mapafu kabla mwenyewe hajamaliza kueleza.

Nimekaa ndani ya gari bila kuwasha injini. Niliogopa. Niandike hivyo tu: niliogopa sana.

Halafu nikahesabu tena. Asiyesikia vizuri bado anakula na watoto wake. Nimekubali.

Jumapili, 16 Machi

Kariuki, kaka yangu mkubwa, amekuja baada ya ibada. Amepata mtu wa kuchanganya dawa tatu kwa pamoja, doksorubisini ikiwa mojawapo. Anasema hii moja ni uoga.

"Wewe ukimpa ng'ombe dawa nusu, anapona?"

"Nikimpa dawa tatu na moyo wake ni mbovu, nakuita uje na jembe tuzike."

Nyambura alicheka, kisha akaingia jikoni akakawia huko. Nimemwonyesha Kariuki ule ukurasa, upande mmoja mmoja. Amesoma na miwani yangu. Machozi yamemtoka, na sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika baba.

Ameondoka akisema yeye ndiye atanipeleka. Watoto pia tumewaambia leo, kwa simu. Ilikuwa mbaya. Imepita.

Jumatano, 19 Machi

Nimelazwa. Wamepima masikio ili wawe na cha kulinganisha baadaye. Dripu za maji kulinda figo. Nimesoma fomu yote kabla ya kutia sahihi. Muuguzi alichoka kusimama, akaketi.

Alhamisi, 20 Machi

Imefanyika. Nilikuwa macho. Ganzi kwenye paja, kisha mrija kwenye skrini, unapanda kama mzizi. Dawa ilipoingia nilisikia joto chini ya mbavu. Daktari Muthoni alisema, "Tumefika penyewe." Nilimwamini.

Jumamosi, 22 Machi

Homa. Natapika. Maumivu mpaka begani. Walinionya kwamba mwili hufanya hivi baada ya mshipa kuzibwa. Kuonywa hakujasaidia.

Leo nimejuta. Sirudii tena.

Jumanne, 8 Aprili

Nyumbani siku kadhaa sasa. Nakula uji na viazi. Masikio yanalia, kama nyaya za umeme. Yamepimwa tena: sauti nyembamba zimepungua kiasi, nene ziko. Figo hazijaguswa.

Nimejaribu kwa ng'ombe wa jirani. Moyo nimesikia. Pumzi nimesikia, lakini nilifunga macho na kukaza. Nitajifunza upya.

Ijumaa, 25 Aprili

Majibu ya skani. Sehemu kubwa ya uvimbe imekufa. Ukingo mmoja bado uko hai. Daktari Muthoni ameshauri raundi ya pili mwezi ujao, dawa ile ile, kipimo kidogo zaidi kwa ajili ya masikio. Hakunisukuma. Alisema niende nikafikirie.

Sikwenda popote. Niliandika kwamba sirudii tena, lakini uvimbe umerudi nyuma kweli. Nilitia sahihi pale pale. Nyambura alinishika mkono chini ya meza.

Tumefika nyumbani mvua ikiwa imekatika, udongo mweusi na laini. Maharagwe yamechelewa. Nimepanda mistari mitatu, nikakaa kwenye kigoda. Nyambura amepanda iliyobaki.