Mkono wa Kuvaa Shati

Isansa, 14 Juni 2012

Dada yangu Alinanuswe,

Hujambo huko Ibaba? Huku kahawa imeiva vizuri, ila wanachuma wengine. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu Ruti angenisikia.

Tangu nianguke shambani, bega halijapona. Daktari wa Mbeya alisema kano zimekatika. Anaweza kuzishona, ingawa kwa umri wangu huenda zikaachia tena, na mkono utafungwa wiki sita. Au asafishe tu, maumivu yapungue lakini mkono usinyanyuke. Bega la chuma ni mpaka India. Nikamjibu, "Safisha tu." Alishangaa. Sikumwambia kwamba mwanangu yuko Tunduma, nyumbani nimebaki na mkewe, na hizo wiki sita angenivisha nani?

Jumapili nikivua shati likaninasa kichwani. Nikapiga yowe. Ruti, mkwe wangu, ambaye kwa mwiko wetu wa mkwe kutokaribiana na baba mkwe hata chakula huniwekea mlangoni na kuondoka, aliingia mbio akalivuta huku amefumba macho.

"Nisamehe, baba," alisema, akatoka analia.

Kifua wazi mbele ya mkwe, dada! Sasa tunakwepana uani kama wezi.

Nimeona kwamba mkono usionyanyuka utanirudisha palepale kila siku. Nimemwambia daktari anishone. Tafadhali njoo ukae nami mpaka nifunguliwe. Wewe ulinivisha nikiwa mtoto. Kwako nitanyoosha mkono bila kuona haya.

Mdogo wako,
Boazi