Mtoto wa Kwenye Kalenda

Ihanda, Karagwe
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa dada Laurensia,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na mtoto mu wazima huko Shinyanga. Sisi tunaendelea, maharage yameota vizuri. Nimeandika kwa sababu simu ni ya baba, na kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Dada, ile picha ambayo Bibi analala nayo kifuani si ya mwanao.

Usikasirike kabla hujafika mwisho.

Uliponiachia printa yako uliniagiza kila Jumamosi nitoe ukurasa mmoja wa rangi, wino usikauke. Nilifanya hivyo mpaka mtihani wa kidato cha nne ulipokaribia, kisha nikaifunika kanga, nikaisahau. Mwezi wa pili ulipotuma picha ya mwanao Kemigisha, Bibi aliomba itolewe kwenye karatasi kubwa. Daktari alikuwa amemwambia kuwa presha ya macho haitamwachia mwanga muda mrefu, na kwenye simu aliona ukungu tu. Alisema anataka kumwona mtoto aliyepewa jina lake kabla giza halijafika.

Niliwasha printa. Ikatoa karatasi ya mistari mistari, na mtoto wako akiwa wa kijani kama ndizi mbichi. Nikabonyeza ijisafishe mara nane au tisa, nikamaliza wino bure. Ningeweza kwenda kwa Gosbert kule Kayanga, ana mashine nzuri, lakini ndiye aliyekuuzia hii na angekupigia siku hiyohiyo. Niliona haya. Nikachukua enguli, ile pombe kali ya ndizi ambayo Bibi huchulia miguu, nikalowesha pamba, nikasugua pale wino unapotokea. Rangi nyekundu ikapotea kabisa, na nyuzi za pamba zikanasa humo.

Kila asubuhi Bibi aliniuliza kama kitukuu ametoka. Siku ya tano alicheka, akasema hata uchungu wa kumzaa baba yetu haukuchukua muda kama wa mashine hii. Siku hiyo nilikata picha ya mtoto kwenye kalenda ya zamani ya zahanati, nikampa. Aliipeleka dirishani, akaisogeza mpaka puani, akasema paji la uso ni la babu kabisa. Majirani wakaitwa. Baba aliitazama kwa muda, akasema watoto wadogo hubadilika haraka. Mimi nilikuwa nimeangalia chini.

Mwishowe nilikwenda kwa Gosbert mikono mitupu, nikamweleza yote pamoja na ile enguli, ila nikadai printa ni ya rafiki yangu. Aliniuliza kama huyo rafiki ameipeleka harusini mpaka akainywesha pombe. Kisha akanieleza taratibu: nichomoe umeme kwanza, nisichokonoe kwa sindano, nisisugue. Alinipa kichupa cha maji yaliyokenekwa, yasiyoacha chumvi. Niyapashe moto kidogo tu, nilowanishe kitambaa laini kisichotoa nyuzi, kisidondoshe maji, nikiweke chini ya kichwa cha printa kinachotoa wino mpaka kesho yake. Halafu niijaze wino na kubonyeza mara moja, nisubiri.

Nilirudia siku tatu. Jumatano Kemigisha alitoka. Midomo myekundu, nyusi, hata kile kidoti cha shavuni. Dada, ni mzuri mno. Nililia peke yangu, kisha nikakimbia uani kwa Bibi.

Nilimwekea picha mkononi. Hakuisogeza usoni. Aliipapasa, akasema karatasi hii inakwaruza, ya Kemigisha inateleza, nimrudishie mtoto wake. Nilipomwomba aitazame vizuri, alisema kwa sauti ya kawaida tu kuwa haoni kitu tangu Jumapili. Hakutaka kumsumbua mtu, kwa kuwa alikuwa ameshamwona.

Nilimrudishia ya kalenda. Sikujua nifanye nini kingine, na mpaka leo sijui. Ile ya kweli nimekuwekea humu ndani ya bahasha, maana hapa haina mtu wa kuitazama.

Mkija mwezi wa sita, Bibi atampapasa mwanao usoni na kukusifia lile paji. Nakuomba ukubali. Usimwambie baba, wala shemeji, wala Gosbert, na Kemigisha akikua usimwambie pia. Jambo hili libaki kwetu sisi wawili.

Msalimie sana shemeji. Mbusu mtoto, kile kidoti.

Mdogo wako,
Mackrine