Trela Mliyoiombea Siyo Hii

Kwa mke wangu, Mama Mwende,

Uvoo waku? Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, wewe na Mwende na wazee wetu. Mgongo wako umepoa? Na mvua imefika huko Tawa, ama bado inanyeshea milima ya watu wengine? Mimi ni mzima. Joto la huku ng'ambo limeanza kupungua, kikohozi kimeniacha, na chakula napata.

Utashangaa kwamba nimeandika na juzi tu tuliongea. Shida ni kwamba simu yako huwa kwa spika. Nikisema neno anasikia Baba, anasikia Mama, wanasikia hata wanaopita wakienda kusaga unga. Neno hili nataka ulijue peke yako kwanza. Musyoka, yule wa kwetu ninayefanya naye kazi, anakuja likizo, na nimemwambia akupe mkononi. Isome ukiwa umekaa.

Ni kuhusu trela.

Unakumbuka nilikwambia, "Mungu akinisaidia, siku moja nitanunua trela ya safari." Ukauliza, "Trela? Baba Mwende, unasema kweli?" Nikasema ndiyo, tutazunguka nayo, halafu mtandao ukakatika. Hilo neno nililitoa huku, ndivyo wazungu wanavyoziita. Sikufikiria kwamba nyumbani mtaelewa trela za barabara ya Mombasa, zile zinazopita Kibwezi na makontena zikienda Uganda. Na hamna makosa. Kwetu trela ni hiyo, na trela ya safari ni ile ya kwenda mbali na mzigo. Ningekuwa nimekaa hapo jikoni ningeelewa vilevile.

Mama Mwende, trela niliyosema haibebi mzigo. Ni nyumba ndogo ya magurudumu mawili inayovutwa na gari la kawaida. Ndani kuna kitanda, ukikikunja kinakuwa meza. Kuna jiko dogo, sinki ya kutosha vikombe tu, na dirisha lenye wavu wa mbu. Watu huivuta mpaka mahali hakuna watu, wanashusha miguu yake isitikisike, wanafunga turubai mbele ya mlango, kisha wanakaa. Hawalimi, hawauzi kitu. Wanachemsha chai, wanaangalia jua likishuka, wanalala. Asubuhi wakitaka wanarudi, wakitaka wanasonga mbele. Wakati wa baridi wenyeji wanaenda nazo jangwani familia nzima. Nilikwambia niko kazi ya magari. Kazi yenyewe ni hii, niko kwenye yadi ambapo nyumba hizi huegeshwa. Naziosha, natia grisi magurudumu, na vyoo vyake humwagwa kwa mkono, na huo mkono ni wangu.

Hamu ilinishika nikiwa chini ya moja. Wenyewe ni wazee wawili, mzungu na mke wake, walikuwa wamekaa nje kwa viti wakipanga safari. Mzee anasema wapitie pwani. Mama anasema, "Pwani upepo ulikutoa kofia ukaifukuza kama kuku." Mzee akasema, "Lakini niliishika." Mama akasema, "Ilishikwa na mbwa." Wakacheka mpaka mama akafuta macho. Mimi nimelala chini na grisi mkononi, nikajiuliza ni lini mimi na wewe tulibishana juu ya kitu kisichouma. Sisi tukibishana ni karo, ni mahindi yameliwa na nyani, ni nani alisahau kufunga mbuzi.

Tangu hapo nikiosha trela napanga. Nitakwambia yote, ucheke mara moja uishe. Tungeazima pikapu ya kuivuta. Mwende tungemwacha kwa Mama, ama tungemchukua, hapo sijaamua. Siku ya kwanza tungeteremka mpaka Kibwezi, tuegeshe karibu na mto kwa wale wanaolima kwa maji, tununue bamia na mapapai, tupike hapo hapo. Kesho yake tungeamka jua likiwa juu. Wewe ungelala hata zaidi, na mimi ningechemsha chai. Halafu tushike lami ya Mutomo, polepole, tukisimama unapotaka kusimama, mpaka Kitui. Tungeenda kuliona lile jiwe la Nzambani ambalo wanasema ukilizunguka mara saba mwanamume anageuka mwanamke. Tusingelizunguka. Tungekaa tu chini yake, kwa sababu sina mpango wa kuwa mke mwenza wako.

Hapo ndipo huwa naona aibu. Kwetu mtu hulala nje akiwa na sababu. Analala nje kwenye matanga, ama akilinda shamba, ama akifukuzwa. Na wewe, kiangazi kile, ulilala mtoni kwenye foleni ya kisima cha mchanga, na Mwende mgongoni, ukingojea maji yajae kwenye shimo. Mimi mume wako niko huku natamani kwenda kulala nje kwa raha. Paa la jikoni linavuja na mimi nafikiria nyumba ya kuvuta na gari. Nilikuwa sitaki ujue kwamba kichwa changu kinazurura hivyo.

Sasa ile simu ya Jumapili. Ulimpa pasta, akasema, "Ndugu Kyalo, tumesimama hapa getini na akina mama. Tumeiombea trela isipate ajali wala isikose mzigo." Nyuma nikamsikia Baba akisema, "Mwambie nimeng'oa michongoma na nguzo za geti. Hata ikija na kontena inapita." Halafu wewe ukasema kwa furaha kwamba dereva ameshapatikana, ni ndugu yangu Mutuku, na ameandika barua ya kuacha kazi ya basi la shule pale Kitui. Watu wote wakangojea niseme kitu. Nikasema, "Amina."

Hilo ndilo neno nililosema. Nilikuwa nimeshika mpira wa maji, maji yakanijaa viatu.

Hapa niliacha kuandika. Niliona barua hii itafika ndugu yangu akiwa ameshapoteza kazi, na ana watoto wawili. Nikampigia.

Akapokea akiwa na furaha. "Kaka, niambie. Imefika bandarini?"

Nikasema, "Mutuku, hakuna trela."

"Imekwama kwa ushuru?"

"Haijanunuliwa. Na hata ikinunuliwa si ya mzigo."

"Sasa inabeba nini?"

"Watu."

"Basi hilo ni basi."

"Si basi. Ni ya kulala. Mimi na shemeji yako, huko porini."

Akauliza polepole, "Kwani mmefukuzwa nyumbani?"

Nikamweleza yote kama nilivyokueleza. Hakucheka, na ni heri angecheka. Akasema barua ya kuacha kazi alishaipeleka jana yake. Nikamwambia aende akaombe arudishiwe. Leo amenipigia. Mwalimu mkuu alikuwa bado ameiweka kwa droo, akamrudishia mbele ya walimu na kumwambia, "Rudi kwa basi, dereva wa trela." Sasa wanafunzi wote wanamwita Trela. Mutuku akaniambia, "Kaka, nimeomba kazi yangu mwenyewe nikiwa nimevua kofia. Usinifanyie hivyo tena." Nilimwambia pole, na neno lenyewe lilikuwa dogo. Ameahidi kutosema nyumbani mpaka barua hii ifike, ingawa Mutuku unamjua.

Nilitaka kukuomba umwambie Baba kwa niaba yangu. Nimefuta hiyo sehemu, utaona karatasi imechakaa pale juu. Jumapili baada ya kupata barua hii, weka simu kwa spika kama kawaida. Pasta akiwepo ni vizuri, na wale akina mama pia. Nilisema Amina mbele yao, na hili nitalisema mbele yao. Usinisaidie, na Baba akikasirika mwache amalize. Kwa sasa ziba lile pengo la getini kwa matawi ya miiba, useme ni kwa ajili ya mbuzi. Huo si uongo.

Nisalimie Baba, na umwambie asibebe mawe makubwa na ule mguu. Msalimie Mama, dawa ya presha ameze hata akijisikia vizuri. Msalimie dada yangu Nduku, aliyekuwa akikusaidia kuchota maji. Mwende mwambie baba yake ameona ngamia akipanda pikapu mwenyewe bila kusukumwa, asidhani namdanganya.

Kimebaki kitu kimoja, na hiki usimsomee mtu. Nimeona aibu, nimemwaibisha ndugu yangu, na bado leo asubuhi nikiosha trela nilikuwa nakuona umekaa mlangoni mwake, miguu nje, huna kazi ya kufanya. Nataka kujua kama ungekuja. Kama ni upuuzi, nyamaza, na mimi sitaitaja tena maisha yangu yote. Kama ungekuja, basi Jumapili hiyo, Baba akishamaliza kunikaripia, uliza tu jiko la hiyo nyumba ni la gesi ama la makaa. Wengine watafikiri unauliza habari za huku.

Ni mimi mume wako anayekuwaza,
Kyalo, Baba Mwende