Mkono Shingoni: Pambano la Mwisho la Wendelin Pröll

KITUO CHA POLISI, OBERSTEINFELD
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Gernot Haberkorn
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi wa kuezeka mapaa, pia mwalimu wa upanga mrefu, kwa kujitolea
Makazi: Gerbergasse namba 9, Obersteinfeld
Yameandikwa: Jumatatu, tarehe 16 Oktoba 2023, kuanzia saa tatu asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimesikia kwamba Frauke Tiedemann, mwanafunzi wangu, amehojiwa hapa mara mbili, na kwamba watu mtaani wameanza kumwita muuaji wakati aliyeumia bado yuko hai. Yule binti hana kosa. Kama mnatafuta wa kumlaumu, niandikeni mimi.

Mnamo tarehe 14 Oktoba 2023, siku ya Jumamosi, chama chetu kilikuwa na mashindano ya upanga mrefu katika ukumbi wa michezo wa mji. Mimi nilikuwa mwamuzi wa kati. Watazamaji walifika kama themanini hivi. Mlangoni alikaa Bi Roswitha Amrhein, mtunzaji wa ukumbi, akiuza soseji ndani ya mkate. Mkate ulikuwa wa Wendelin Pröll, maana Wendelin ni mwokaji, na kila mwaka hutuletea mikate vikapu viwili.

Inspekta ameniambia kwamba hajui mchezo wetu, kwa hiyo lazima nieleze jambo moja, la sivyo hakuna litakaloeleweka. Panga zetu ni za chuma zisizo na makali. Tunavaa barakoa za wavu wa chuma, kikinga koo kigumu, na glavu nene mno, ambazo ukizivaa huwezi hata kufungua kifungo. Pigo huenda haraka kuliko jicho. Waamuzi wanne wa pembeni wana bendera, lakini mara nyingi wanabaki kutazamana tu. Kwa hiyo kwetu aliyepigwa husema mwenyewe. Ndani ya barakoa sauti haitoki vizuri, basi huweka mkono pale alipopigwa. Ukipigwa bega, unagusa bega. Ukipigwa shingo, unagusa shingo. Watu humpigia makofi huyo kuliko wanavyompigia mshindi.

Wanafunzi wangu wote nimewafundisha hivyo, na Wendelin zaidi. Alipokuja kwangu miaka kumi na sita iliyopita alikuwa mwongo hasa. Alipigwa kichwani barakoa ikalia kama sufuria, akaniambia, "Mwalimu, si mimi, labda ni kengele ya kanisa." Nilimkimbiza kuzunguka ukumbi mpaka akatapika, nikamwambia asirudi mpaka ajifunze kusema kweli kwa mkono wake. Alirudi wiki iliyofuata. Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyu nilimkunja amekwisha kauka, na akakunjika. Katika kazi yangu ya ualimu hilo ndilo nililojivunia kuliko yote.

Saa nane na dakika tano mchana niliwaita yeye na Frauke. Niliwakagua mimi mwenyewe. Kikinga koo cha Wendelin nilikigonga kwa kidole, kikalia vizuri. Upanga wa Frauke niliupinda kwenye sakafu, ukarudi ulivyokuwa. Kila kitu kilikuwa sawa.

Wendelin aliniambia, "Mwalimu, leo huyu binti ataniaibisha mbele ya wateja wangu."

Frauke akasema, "Usijali, mzee, nitakuachia pua ya kunusia mikate."

"Haya njoo basi, tanuri limeshika moto." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwa Wendelin.

Saa nane na dakika kumi na mbili, wakiwa karibu sawa kwa pointi, Frauke alichoma kutoka chini. Lilikuwa pigo halali na halikuwa na hasira. Ncha ilipita chini ya kitambaa kinene kinachoning'inia chini ya barakoa na kukisukuma kikinga ndani ya koo. Haya nimeyajua baadaye kwa daktari. Wakati ule sikuona kitu. Nikapaza sauti, "Simama!" Kati ya bendera nne iliinuka moja tu.

Wendelin akaweka mkono wa kushoto shingoni, akagonga mara mbili.

Ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mwamuzi haruhusiwi kupiga makofi, lakini nami nilipiga. Niliona fahari, nadhani nilitabasamu. Frauke akainamisha upanga akasema, "Asante, mzee." Nikampa pointi tatu.

Hapo Bi Roswitha akapiga kelele kutoka mlangoni, "Jamani, huyo mtu hapumui!"

Mtu mmoja kwenye mabenchi akamjibu, "Mama, anakubali pigo tu. Wewe angalia soseji zako zisiungue."

Watu wakacheka. Nami nikageuka nikamwambia Bi Roswitha, "Kimya tafadhali, pambano linaendelea." Nataka maneno hayo yaandikwe kama nilivyoyasema. Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio lenyewe lilikuwa langu.

Nikasema, "Anzeni." Wendelin aliinua upanga. Watu wananiuliza kwa nini aliinua, nami sijui. Nadhani ni kwa sababu nilimwambia aanze, na kwa miaka kumi na sita kila nilipomwambia aanze, alianza.

Frauke akampiga mkono wa kulia, pigo jepesi ambalo kila mtu aliliona. Wendelin hakujikinga. Akaweka tena mkono shingoni.

Nikamwambia, "Hapana, Wendelin, umepigwa mkono, si shingo. Uungwana nao una kiasi chake, bwana."

Watu walicheka sana. Wendelin akatikisa kichwa. Akagonga shingo tena, mara nyingi, haraka haraka. Nilidhani anabishana nami. Nikainua kidole kumpa onyo la kupoteza muda.

Kidole changu kilikuwa bado hewani alipopiga magoti.

Nilimfikia wa kwanza. Barakoa hufungwa kwa nyuma, na juu yake kuna kofia ngumu yenye kamba. Mikono yangu imefunga kamba juu ya mapaa miaka arobaini, kwenye upepo na barafu, lakini ile kamba ilinishinda. Yeye alikuwa akiikwaruza barakoa kwa zile glavu, hazishiki chochote. Ndani ya wavu niliyaona macho yake. Yalikuwa yananitazama mimi. Frauke alisimama pembeni akirudia, "Mwalimu, nimefanya nini? Mwalimu, sema, nimefanya nini?" Mimi niliendelea kuvuta ile kamba.

Bi Roswitha alikuja na kisu cha mkate. Alinisukuma kando kwa goti, akakata kamba, akavuta barakoa. Uso ulikuwa wa buluu. Yeye ndiye aliyepiga simu pia. Gari la wagonjwa lilifika saa nane na dakika ishirini na sita. Wahudumu walimtoboa koo apate hewa, palepale sakafuni, mbele ya watu wote, na hakuna aliyejua atazame wapi. Mikate yake ilikuwa bado mezani.

Jana Jumapili, saa nne asubuhi, nilikwenda hospitali. Amewekewa bomba shingoni. Daktari anasema ubongo ulikosa hewa kwa muda mrefu, na kwamba tusubiri. Muuguzi aliniambia niongee naye, huenda anasikia. Nilikaa saa nzima nikiushika mkono wake wa kushoto. Ningemwambia nini? Nilimfundisha aseme kweli kwa mkono wake. Akasema kweli mara tatu, na mara zote tatu mimi mwalimu wake sikuelewa.

Frauke alipiga pigo nililomfundisha mimi. Wendelin aliomba msaada kwa mkono ule ule niliomfundisha kukiri nao. Sheria inasemaje juu ya mtu kama mimi, sijui. Ninachoomba ni kwamba binti aachwe.

Haya ndiyo maelezo yangu, nimeyatoa kwa hiari yangu. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Saini ya shahidi: G. Haberkorn

MAELEZO YA AFISA: Nimeyaandika mimi, Inspekta Kilian Oestreicher, na kumsomea shahidi, saa nne na dakika arobaini asubuhi. Ili kumbukumbu iwe kamili, nilimwomba shahidi anionyeshe ishara aliyoitoa majeruhi. Alisimama, akaweka mkono wa kushoto shingoni, akagonga mara mbili. Ninaandika hapa kwamba niliinuka na kuzunguka meza kwenda kumsaidia, nikidhani amepaliwa. Shahidi aliniona nikija. Akakaa kitini, akalia, na hatukuweza kuendelea.