Nusu ya Pili ya Kitenge

Mpenzi Meshack,

Huku Kigoma tu wazima, sijui wewe huko Dodoma. Jumamosi tulifanya tamasha hapa chuoni, la kumchangia Scola kampeni ya udiwani. Watu walijaa. Mimi nilipanga viti na kukaanga dagaa. Ikram ndiye aliyepewa maiki, eti ana sauti. Alivaa kitenge chenye ndege wa njano, sawasawa na changu, kile ulichonunua Bujumbura ukasema nusu nyingine umempa mama yako.

Jana nilipita Rusimbi kumsalimia mama yako. Nikamuuliza kama ameshashona chake.

“Kitenge gani, mwanangu?”

Leo nimempelekea changu, ili uwe umesema kweli.

Ni mimi mpanga viti,
Leonia