Ulichojibu Bariyerini

Mama yangu,

Nimekuota tena. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa upande wa Ubwari, nawe ukitembea ufukweni kwa zile hatua zako fupi, nyayo haziachani na mchanga. Nilikuita, hukugeuka. Nikaamka nimenuna, kama vile upo hapa wa kununiwa.

Huku ng'ambo ya ziwa tulikokimbilia baada ya kukuzika, nilimsimulia munganga mmoja wa hospitali habari zako: jinsi wewe, uliyekuwa ukinitangulia sokoni Baraka na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani, ulivyoanza kuburuta miguu, ukasahau chumvi, kisha ukasahau majina. Nikamwambia majirani walisema umerogwa. Akatikisa kichwa. Huenda ni mishipa ya ubongo, akasema, ile myembamba kama nyuzi, inayochakaa kwa uzee na presha.

"Mu bongo muko bariyeri," akaniambia. "Damu inapita, lakini haiko kila kitu ya mu damu njo inaingia. Ku bazee ile bariyeri inaregea, bintu bibaya binapita, bongo inaumia pole pole."

Bariyeri! Nilicheka hadi nikalia. Sisi wa vita tunajua bariyeri moja tu, kamba iliyokatisha barabara na askari wenye bunduki. Kama ile ya njia ya Kazimia, siku nilipokubeba mgongoni kukimbilia mtumbwi wa kwenda Ubwari. Askari alikuuliza mimi ni nani wako. Ukasema, "Uyu ni mama yangu." Wakacheka, wakashusha kamba, tukapita.

Neno lile linanichoma hadi leo. Mimi ni Wabiwa, nina jina la mama yako mzazi, na tangu utoto ulinitania hivyo: mama yangu, lete maji, mama yangu, usilie. Basi siku ile ulinitambua? Au bariyeri ya kichwani ilikuwa imeshalegea, ukamwona marehemu mama yako? Nilimuuliza hata munganga.

Nimechoka kuuliza, Mama. Nakupenda tu, na nimekukosa sana.

Nina mimba. Akiwa wa kike atabeba jina lako. Pumzika huko Ubwari. Vita vikiisha nitakuja kupalilia kaburi lako. Na nikizeeka, hata kama kamba yangu nayo italegea, mtu akiniuliza huyu aliyenibeba ni nani, nitajibu kama wewe: uyu ni mama yangu.

Wabiwa wako