Mtani, Nimebadili Matairi

Mtani wangu Kasiani,

Kamwene. Najua huwezi kuitikia, kwa hiyo leo, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, nitasema mpaka mwisho bila Mhehe kunikatiza.

Nina habari mbili. Ya kwanza, nimebadili matairi ya baiskeli yangu. Naam, mimi Zeno, Mngoni niliyefika Tanga na Mombasa wakati wewe unaogopa kuvuka Chimala, nimeyavua yale matairi membamba uliyokuwa ukiyaita kamba za viatu. Cheka, ruhusa unayo. Habari ya pili ndiyo iliyonifanya niyavue: mama yako alikuwa anakuja.

Unajua ulivyoondoka. Homa ya siku tatu, mvua imekata njia, tukakuzika hukohuko Ubaruku. Barua ilipofika kwenu Nyololo ulikuwa umeshalala ardhini wiki mbili. Mama akajibu kwa mkono wa katekista: "Nimeambiwa mwanangu amezikwa. Mimi sijamzika." Hakulia, walisema. Na chakula alikuwa anakigusa tu. Alisubiri mvua ikatike aje atie udongo kwa mkono wake. Lakini miguu yake unaijua ilivyovimba. Basi linamshusha njia panda, na kutoka hapo hadi kwako ni kokoto tupu. Nani ambebe? Nikajigamba kabla sijafikiri: "Mimi."

Kisha nikayatazama matairi yangu, nikanywea. Kwenye barabara kuu iliyosindiliwa yalikuwa yanaimba. Kwenye kokoto, wewe fundi wangu uliniziba pancha mara ngapi? Na kila mara wimbo ni uleule: "Tairi halinunuliwi kwa ajili ya maili nzuri, Zeno. Linanunuliwa kwa ajili ya maili mbaya."

Nikaenda Mbeya kwa Mzee Salumu, muuza spea za baiskeli. Akaanza kunitolea tairi nene lenye meno kama mamba. Kwa woga nilionao ningelibeba, ila lilikuwa linasugua uma unaoshika gurudumu. Halafu nikawaza: safari zangu nyingi ni za barabara nzuri, kokoto ni siku mojamoja. Kwa nini nimburute mamba kila siku? Nikaomba la kati. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya kibandani kwako: nikalikunja ubavu kuona kama nyuzi zinachungulia, nikatafuta nyufa, nikalibonyeza kwa dole gumba. Katikati laini, liteleze vizuri barabarani. Mabegani vijimeno vya kushika kokoto. Ubavu mnene, maana jiwe kali huuma ubavuni. Mzee Salumu akachoka. "Bwana, unanunua tairi au unaposa?" Nikamwambia vyote viwili.

Sasa sikia ujinga wangu. Nikayajaza upepo mpaka yakawa magumu kama jiwe, nikidhani huo ndio uimara. Mama akashuka kwenye basi, nikamwamkia, nikampakia kwenye keria juu ya gunia lililokunjwa. Kuingia tu kwenye kokoto, tukawa tunaruka kama bisi kikaangoni.

"Wewe Mngoni!" akanipigia kelele mgongoni. "Babu zako walishindwa kutumaliza kwa mikuki, wewe unataka kutumaliza kwa baiskeli?"

Nikasimama. Nikakukumbuka, Kasiani, jinsi ulivyokuwa ukipunguza upepo kila ukiiacha barabara kuu, nami nakucheka kwamba Wahehe hata upepo mnauogopa. Nikafungua kidogo, mpaka dole gumba likazama. Tairi likatulia, likawa linayameza mawe. Hatukupata pancha hata moja, na hapo sijigambi, muulize mama.

Kaburini alikataa mkono wangu. Akapiga magoti mwenyewe, na miguu ile. Akachota udongo, akautia, akakuita jina la utotoni ambalo hukuwahi kunitajia. Sitaliandika. Hapo akalia, Kasiani. Alilia kwa sauti.

Na mimi... siku ya mazishi mtani ndiye wa kuwachekesha watu, nami nilisimama kama gogo, ulimi umekufa. Sasa ukafufuka. Nikajilaza kando ya kaburi lako nikakuamuru usogee, kwamba hata kufa umejitwalia shamba zima. Mama akacheka machozi yakimtoka. Jioni alikula sahani mbili za wali, nami nikamtazama kama mtu anayetazama mvua ya kwanza.

Amekataa kurudi. Anasema mpunga wako umeinamisha vichwa, atauvuna kwa mkono wake, na mzigo wote hadi barabarani nimepangiwa mimi. Sikuulizwa.

Basi mtani, akitaka kwenda Nyololo nitampeleka. Mwakani akishuka pale njia panda atanikuta nimeshasimama. Na mwaka utakaofuata. Hiyo ni ahadi, na unajua majigambo yangu yanavyosikika, kwa hiyo unajua kwamba hii siyo.

Lala sasa. Mama amekuzika.

Mtani wako,
Zeno